Kukaa soba wakati jamii imegawanyika: mazoezi ya Kibuddha, hatua kwa hatua

Nilipoacha pombe nilijiandaa kwa yale niliyoonywa: sherehe, misiba, siku ya mshahara, marafiki wa zamani. Hakuna aliyenionya kuhusu siasa. Mwaka wangu wa pili bila tone, usiku wa manane, nilikuwa nimekaa kitandani nikibishana kwa simu na mtu nisiyemjua, juu ya jambo ambalo si mimi wala yeye angeweza kulibadilisha usiku ule. Taya zimekaza, moyo unakwenda mbio, viganja vimelowa jasho. Nilipoweka simu chini nikaisikia ile sauti ninayoifahamu, ikinibembeleza kwamba baada ya kutukanwa vile nilistahili glasi moja tu ya kutuliza.

Sikunywa. Nilimpigia mwenzangu wa kikundi cha kupona uraibu, tukaongea mpaka usingizi ukanijia. Lakini tangu usiku ule nimeamini jambo moja, na mwongozo huu wote unalizunguka: ghadhabu inayoletwa na mpasuko wa jamii na hamu ya kilevi hupita njia moja mwilini. Huanza kwa mguso mdogo, huahidi nafuu ya haraka, kisha hukuacha ukitaka zaidi. Mtu akiacha chupa halafu akajiachia kwenye ghadhabu, amebadilisha kilevi, na hicho kipya kinajua njia ya kumrudisha kwenye cha zamani.

Mafundisho ya Buddha, mwalimu wa kale wa India, yananifaa hapa kwa sababu yanaitazama njia hiyo yenyewe, kituo kwa kituo. Huhitaji kubadili dini ili uyatumie. Anayesali aendelee kusali. Asiye na dini hatalazimika kukiri chochote. Kinachotakiwa ni kufanya, kila siku, hata kwa dakika chache.

Kabla ya kuanza: mwili wako

Kama bado unatumia na unataka kuacha, anza kwa mhudumu wa afya. Aliyekunywa pombe nyingi kwa muda mrefu, au aliyezoea dawa za kutuliza wasiwasi za jamii ya benzodiazepini, akiacha ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa. Kutafakari hakuzuii degedege. Aliyekuwa akitumia heroini au dawa nyingine za jamii ya afyuni ajue kwamba baada ya kukaa bila kutumia kwa muda, mwili hupoteza ule ustahimilivu, na kipimo alichokizoea zamani kinaweza kumuua siku akirudi. Kama dawa ya naloksoni, inayomwokoa aliyezidisha afyuni, inapatikana ulipo, wenzako wajue ilipo na namna ya kuitumia.

Na kama umeandikiwa methadoni au buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa afyuni, endelea nayo. Nimewahi kumsikia mtu akiambiwa kikundini kwamba anayekunywa methadoni hajaacha kweli. Maneno hayo yanaua watu. Dawa inayotumiwa kama daktari alivyoelekeza ni matibabu, na hakuna kitu katika mazoezi haya kinachopingana nayo.

Jambo la mwisho: kama umepitia mateso makubwa, kukaa kimya umefumba macho kunaweza kuamsha kumbukumbu nzito. Fanya mazoezi macho wazi, ukiwa umesimama au unatembea, na uwe na mshauri wa kumwambia yanayojitokeza.

Hatua ya 1: Ifahamu kiu yako

Katika Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Ubuddha, chanzo cha mateso huitwa tanha. Maana yake ya kawaida kabisa ni kiu. Aliyewahi kuamka na arosto, mwili ukidai kilevi, hahitaji tafsiri zaidi.

Buddha alieleza jinsi kiu inavyozaliwa. Kwanza kuna mguso: jicho linakutana na picha, sikio na sauti, akili na wazo. Mguso huleta hisia, inayoitwa vedana, na hapa neno hisia halina maana ya furaha au huzuni. Ni ladha ile ya kwanza tu, tamu, chungu, au isiyo tamu wala chungu. Kutoka kwenye ladha hiyo huzaliwa kiu: nipe zaidi, au niondolee. Kiu ikikomaa inakuwa upadana, kung'ang'ania. Neno hilo hilo upadana lina maana ya pili: kuni, kile kinachoulisha moto.

Sasa tazama hili, kwa sababu ndilo lililonifungua macho. Maandiko yanataja aina nne za kung'ang'ania. Ya kwanza ni kung'ang'ania starehe za mwili. Hiyo tunaijua, ndiyo iliyotufikisha hapa. Ya pili ni kung'ang'ania maoni. Ya tatu ni taratibu na desturi, na ya nne ni dhana ya "mimi". Starehe na maoni vimewekwa kwenye orodha moja kwa neno moja. Anayesema "siwezi kulala bila kunywa" na anayesema "siwezi kulala mpaka nimwonyeshe huyu kwamba amekosea" wanatia kuni kwenye moto ule ule.

Zoezi la wiki ya kwanza ni dogo. Chukua daftari. Kila siku andika mara tatu ulipoguswa na habari, ujumbe au maneno ya mtu kuhusu mambo yanayoigawa jamii, na uandike vitu vinne tu: nini kilinigusa, ladha yake ilikuwa ipi, mwili ulifanya nini, nilitaka kufanya nini baadaye. Usijihukumu wala usieleze nani alikuwa na haki. Baada ya siku saba soma yote kwa mfululizo. Wengi hugundua kwamba ladha haikuwa chungu tupu. Hasira ina utamu wake, ule wa kujiona uko upande safi, na utamu huo ndio mtego.

Hatua ya 2: Chukua ahadi ya tano kila asubuhi

Wabuddha wa kawaida hufuata ahadi tano: kutoua, kutochukua kisichotolewa, kutokosea katika mambo ya ngono, kutosema uongo, na kujiepusha na vilevi vinavyoleta uzembe. Ya tano kwa Kipali husomwa hivi: surameraya-majja-pamadatthana veramani sikkhapadam samadiyami. Neno sikkhapada ndani yake humaanisha hatua ya mafunzo. Hakuna anayekuamuru kutoka juu. Wewe mwenyewe unachukua zoezi, kama mwanafunzi anavyochukua somo, na siku ukilikosa unalichukua tena.

Amka, kaa kitako kitandani, na kabla hujagusa simu sema kwa sauti: "Leo nachukua zoezi la kujiepusha na kila kilevi kinachoipofusha akili yangu." Leo tu. Wanaofuata Hatua Kumi na Mbili, ule mpango wa kupona wa Alcoholics Anonymous (chama cha walevi wanaosaidiana kuacha), wataitambua hekima hiyo ya siku moja moja.

Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki mwaka 2022, aliipanua ahadi hii ya tano. Kwake haikuishia kwenye pombe na dawa za kulevya. Aliingiza pia vipindi vya televisheni, magazeti na hata mazungumzo yanayotia sumu. Huyu hakuwa mtu aliyekaa mbali na dunia akiikemea. Alikuwa katikati ya vita vilivyoipasua nchi yake vipande viwili. Kwa hiyo ukiwa tayari, ongeza sentensi ya pili: "Na leo nitaangalia ninachoilisha akili yangu."

Hatua ya 3: Linda ngozi

Buddha aliwahi kusema kwamba viumbe huishi kwa vyakula vya aina nne, na kimojawapo ni mguso. Kuueleza akatoa mfano ambao hautoki akilini: ng'ombe aliyechunwa ngozi. Akisimama kando ya ukuta, wadudu wa ukutani humng'ata. Akisimama chini ya mti, wa mtini humng'ata. Akiingia majini, wa majini. Popote anapokwenda analiwa.

Mtu katika miezi yake ya mwanzo ya kupata nafuu ndiye huyo. Kilevi kilikuwa kinaifunika ile ngozi iliyochunwa. Kimeondolewa, na sasa kila kitu kinauma. Halafu mtu huyo anakabidhiwa simu inayomletea ugomvi wa dunia nzima kiganjani. Kumwambia "kuwa imara" hakumsaidii. Kinachosaidia ni kumpa kivuli mpaka ngozi iote.

Kivuli chenyewe ni taratibu za kawaida kabisa. Simu ilale chumba kingine usiku. Nusu saa ya kwanza ya asubuhi na saa ya mwisho kabla ya kulala ziwe huru na habari. Chagua chombo kimoja au viwili vya habari unavyoviamini na uvisome mara moja kwa siku, kwa saa unayoijua, ukiwa umekaa na umeshakula. Zima arifa. Kwenye vikundi vya ujumbe vya familia na kazini ambamo mabishano hayaishi, nyamazisha kikundi. Si lazima ujitoe kwa kishindo na kuzusha ugomvi mwingine. Video fupi zinazojicheza zenyewe moja baada ya nyingine ziache kabisa kwa siku 90 za mwanzo. Naliweka hili kwa mkazo kwa sababu ule mtindo wa kusogeza kidole, kusogeza tena, na mara nyingine kupata kitu kinachokuchoma au kukusisimua, ndio mtindo ambao ubongo wa mraibu unaujua vyema kuliko mwingine wowote.

Kuna watakaosema huku ni kukimbia majukumu ya uraia. Siafiki. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji haambiwi amekimbia kazi. Isitoshe, anayesoma habari dakika 20 kwa utulivu anajua zaidi kuliko anayezisoma saa sita akiwa amewaka moto.

Kila unapotaka kufungua habari, pima mambo manne ambayo watu wa vikundi vya kupona wameyajua kwa miaka mingi: nina njaa? Nina hasira? Niko mpweke? Nimechoka? Likiwepo moja, shughulikia hilo kwanza. Yakiwepo mawili, usifungue kabisa.

Hatua ya 4: Wimbi likikupanda

Hata ukijilinda vipi, siku itafika. Matokeo yanatangazwa, sheria inapitishwa, ndugu anasema neno lisilosahaulika mezani. Mwili unawaka na nyuma ya moto huo hamu inabisha hodi. Hapa panataka maelekezo ya taratibu, kwa hiyo ningependa uyasome leo ukiwa umetulia na kuyajaribu kwa jambo dogo, ili siku ya jambo kubwa mwili uwe unayajua.

Kwanza, ondoka kwenye chanzo. Geuza simu kifudifudi, toka mezani, sema unakwenda chooni. Kama kilevi kiko karibu, ondoka mahali hapo kabisa. Hakuna tafakuri ya kufanywa mbele ya chupa.

Pili, simama. Sikia nyayo zinavyogusa chini. Legeza taya na uachilie ulimi. Vuta pumzi kama kawaida, na uitoe polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta. Fanya hivyo mara kumi. Ukipoteza hesabu, anza tena bila kujilaumu.

Tatu, tafuta wimbi liko wapi mwilini. Usiulize kwa nini, uliza wapi. Kifuani? Kooni? Tumboni? Lina joto au baridi? Linasukuma au linavuta? Taja ladha yake kwa neno moja: chungu. Hapa ndipo umesimama kati ya hisia na kiu, kwenye ule mwanya mdogo ambao mafundisho yote ya Buddha kuhusu kiu yanauelekea. Hisia haiwezi kuzuiwa, imeshafika. Kung'ang'ania bado hakujafika.

Nne, litazame linavyopanda. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, alitumia mfano wa mtu anayepanda wimbi la bahari kwa ubao: hapigani nalo, halikimbii, anakaa juu yake mpaka livunjike. Ubao wako ni pumzi. Hamu hupanda, hufika kilele, kisha mara nyingi hushuka ndani ya dakika chache, mradi hukuilisha. Mraibu huwa hajawahi kuliona wimbi likishuka lenyewe, kwa sababu kila mara alilikata kwa kunywa. Kuliona likishuka mara moja tu kunabadilisha kitu ndani yako. Marlatt na wenzake walijenga juu ya wazo hili matibabu yanayochanganya utambuzi makini (kutazama yanayotokea mwilini na akilini bila kuyahukumu) na mbinu za kuzuia kurudia uraibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha watu 286, uliona kwamba baada ya miezi 12 waliopata mafunzo hayo walikuwa na siku chache zaidi za kutumia dawa za kulevya na za kunywa sana kuliko waliopata matibabu mengine mawili waliyolinganishwa nayo.

Tano, chunguza mshale wa pili. Buddha alifananisha mtu asiyefunzwa na aliyechomwa mshale, na kabla haujatoka akachomwa wa pili. Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe: umetukanwa, watu wako wamedhulumiwa, umeogopa. Hayo ni ya kweli na usijilazimishe kuyakana. Mshale wa pili ni hadithi tunayoijenga juu yake: hawa watu ni wanyama, hakuna tumaini, maisha yangu ya usoba hayana maana katika dunia kama hii. Sema polepole, "Huu ni wa kwanza. Huu ni wa pili." Mara nyingi hiyo peke yake hulegeza mkono.

Sita, mpigie mtu. Hata kama wimbi limeshuka. Hasa kama limeshuka, kwa sababu ndipo tunapojidanganya kwamba tunajiweza.

Hatua ya 5: Metta, kwa mpangilio sahihi

Tumezoea kusema dawa ya moto ni moto. Mafundisho ya Buddha yanasema kinyume, kwamba chuki haijawahi kutulizwa kwa chuki. Buddhaghosa, mwanazuoni wa karne ya 5, alimfananisha mwenye hasira na mtu anayeokota kaa la moto ili ampige nalo mwenzake: wa kwanza kuungua ni mshikaji. Dawa inayotolewa ni metta, nia njema.

Watu wengi huiharibu kwa kuanza na adui mkubwa. Wanamfikiria mwanasiasa wanayemchukia kuliko wote, wanajaribu kumtakia heri, wanachemka, wanasema metta haifanyi kazi. Walimu wa kale walionya kabisa dhidi ya kuanza na mtu unayemchukia. Mpangilio wao ulianza na wewe mwenyewe, kisha mtu unayemheshimu, kisha rafiki, kisha mtu usiye na hisia naye yoyote, na mwisho ndiyo aliye na uadui nawe.

Kwa watu kama sisi naongeza angalizo. Mraibu mwenye aibu nyingi hawezi kuanza na nafsi yake. Maneno yanakwama kooni. Kama ndivyo ulivyo, anza na aliyekutendea wema, hata mnyama uliyempenda, kisha rudi kwako siku nyingine.

Kaa dakika 10. Rudia kimoyomoyo, polepole, na pumzi:

"Niwe salama. Niwe mzima. Nipate amani. Niwe huru na kiu."

Kisha badilisha: "Uwe salama. Uwe mzima. Upate amani. Uwe huru na kiu."

Kaa na kila ngazi wiki nzima, au mwezi. Ukifika kwa mtu wa upande wa pili, chagua mdogo: jirani mwenye bendera usiyoipenda, mfanyakazi mwenzako anayerudia maneno usiyoyaamini. Tafuta jambo moja la kweli kuhusu yeye lisilo la siasa. Anamuuguza mama yake. Analala vibaya. Huenda naye ana mtoto aliyenaswa na kile kilichokunasa wewe. Waraibu tuna bahati hapa: tumeketi kikundini na watu wa kila upande, na tumesikia kila mmoja akilia kwa sababu ile ile.

Kumtakia mtu heri si kukubaliana naye. Unaweza kumtakia amani na siku hiyo hiyo ukampinga hadharani. Na hulazimiki kumwacha aliyekudhuru arudi karibu nawe.

Hatua ya 6: Kinywa

Kuhusu maneno Buddha alitoa vipimo vitano: yasemwe kwa wakati wake, yawe ya kweli, yasemwe kwa upole, yawe na faida, na yatoke kwenye moyo wenye nia njema. Nimeviandika kwenye karatasi niliyoibandika nyuma ya simu. Ujumbe mwingi niliotaka kutuma huanguka kwenye kipimo cha kwanza, maana usiku wa manane haujawahi kuwa wakati wake.

Kuna pia kisa cha mtu aliyemjia Buddha na matusi. Buddha akamwuliza: ukiwakaribisha wageni na wakakataa chakula chako, chakula hicho ni cha nani? Ni changu, akajibu. Basi na haya matusi sikuyapokea, yanabaki yako. Tumia kisa hiki kama sentensi ya kujiambia ndani, "sipokei chakula hiki." Usimwambie mtu uso kwa uso, maana atakisikia kama tusi jipya.

Hatua ya 7: Tafuta wenzako, na mkilinde kikundi

Ananda, msaidizi wa Buddha, alisema kwamba urafiki mwema ni nusu ya maisha ya kiroho. Buddha akamsahihisha: ni maisha ya kiroho yote. Aliyejaribu kuacha akiwa peke yake anaelewa kwa nini alisahihishwa.

Lakini vikundi hupasuka. Simulizi za kale zinasema watawa wa Kosambi, mji wa kale wa India, waligombana juu ya maji yaliyoachwa kwenye chombo chooni: je, lilikuwa kosa au halikuwa? Wakagawanyika kambi mbili. Buddha akawasihi, wakamwambia awaachie ugomvi wao. Akaondoka, akaenda kukaa msituni. Waliomaliza ugomvi ule ni waumini wa kawaida, ambao waliacha kuwapa chakula mpaka walipotafuta suluhu.

Historia ya uraibu ina Kosambi yake. Mwaka 1840, katika mji wa Baltimore nchini Marekani, wanywaji sita waliahidiana kuacha pombe, wakaanzisha Chama cha Washingtonian. Kilikua kwa kasi ya ajabu, kisha kikasambaratika ndani ya miaka michache, na moja ya sababu zinazotajwa ni kujiingiza kwenye mabishano ya umma. Alcoholics Anonymous, iliyoanza mwaka 1935, ilijifunza kutokana na anguko hilo: Desturi yake ya Kumi inasema chama hakina maoni juu ya mambo ya nje, ili jina lake lisivutwe kwenye malumbano. Kwa wanaotaka njia ya Kibuddha moja kwa moja, upo mtandao wa Recovery Dharma, ulioanza mwaka 2019, unaoendeshwa na wenyewe waliomo kwenye safari ya kupona, na una mikutano ya mtandaoni.

Kwenye kikundi chenu kubalianeni mapema: hatutetei vyama wala wagombea ndani ya chumba hiki. Hata hivyo nina wasiwasi na namna kanuni hii inavyotumiwa. Wapo ambao mpasuko wa jamii kwao si mjadala. Wametishiwa kwa sababu ya kabila, dini, asili au namna walivyoumbwa, na hofu hiyo ndiyo inayowavuta kurudi kwenye kilevi. Ukimwambia mtu huyo "hapa hatuzungumzi siasa," umemfungia mlango akiwa anavuja damu. Kwa hiyo kanuni iwe hivi: kila mtu aeleze yaliyompata, alivyoogopa, mwili ulivyotaka kufanya, na alivyoweza au alivyoshindwa kujizuia kutumia. Wengine wasikilize bila kumjibu, bila kumrekebisha, bila kutetea upande wao. Mwongoza kikao akate kwa upole pale maelezo ya maumivu yanapogeuka hotuba. Kazi hiyo inataka mtu mwenye moyo, na ibadilishwe kwa zamu.

Hatua ya 8: Tenda, kwa kiasi cha afya yako

Upekkha, utulivu wa moyo usioyumbishwa, ni mojawapo ya sifa nne kuu anazozilea Mbuddha. Buddhaghosa anasema ina adui wa karibu anayefanana nayo: kutojali. Ukijikuta unasema "nimetulia" huku huguswi tena na mateso ya mtu, uko kwa huyo adui. Mwaka 1956 mjini Nagpur, B. R. Ambedkar, kiongozi wa watu wa tabaka lililodharauliwa kuliko yote, aliingia Ubuddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake ili kuukataa mfumo wa matabaka wa India. Kwa hiyo usimkubali anayekuambia kwamba kutafakari ni kunyamazia dhuluma.

Anza na huduma ndogo isiyo na makofi: kupanga viti vya kikundi, kumsindikiza mgeni kliniki, kumpikia aliyelazwa. Mwaka wa kwanza hiyo inatosha. Baadaye, ukitaka kwenda kwenye maandamano au mkutano wa hadhara, nenda umekula, na mwenzako aliye soba, mkiwa mmeafikiana saa ya kuondoka na neno la siri la kusema "tuondoke sasa" bila kueleza sababu. Siku ya uchaguzi na ile ya kutangazwa matokeo panga mkutano wa kikundi jioni kabla hujajua nani ameshinda. Ushindi nao ni hatari. Wengi wameanguka wakisherehekea.

Ukiteleza

Angulimala alikuwa muuaji aliyetisha nchi nzima kabla ya kuwa mtawa. Hata baada ya kubadilika, watu walimpiga mawe alipopita akiomba chakula, akarudi akivuja damu, na Buddha akamwambia avumilie. Hakumwambia kwamba mabadiliko yake yalikuwa ya uongo.

Ukiteleza, usimalize usiku ule peke yako na simu ya habari mkononi. Mwambie mtu mmoja kabla hujalala. Kama ulitumia dawa za jamii ya afyuni, usikae peke yako hata kidogo. Kama umerudi kwenye pombe kwa siku kadhaa mfululizo, usiikate ghafla, mwone daktari. Futa programu iliyokuwasha moto jioni ile, hata kama utairudisha mwezi ujao. Asubuhi kaa kitako kitandani, uiseme ahadi ya tano kwa sauti kama ulivyoisema siku ya kwanza, kisha fungua daftari uandike: nini kilinigusa, ladha yake ilikuwa ipi, mwili ulifanya nini, nilitaka nini.